Viinitete vya ng'ombe vya kugandishwa: vingi havifii kwenye naitrojeni, vinafia mikononi mwetu

MkonoBaridi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu, leo nalitoa lote. Mtu anapandikiza viinitete (mimba changa za siku chache) vilivyogandishwa, zikipita wiki mbili ng'ombe wanarudi kwenye joto (wanataka dume tena, yaani mimba haikushika) mmoja mmoja, na kauli ni ile ile: "Vya kugandishwa havishiki." Hata mimi niliisema kwa miaka.

Siku moja nilibaki na mirija sita (vijiti vyembamba, kila kimoja kina kiinitete chake) ya mvuno mmoja ambao ulikuwa umeshaniangusha mara tano mfululizo. Badala ya kuipandikiza niliiyeyusha yote nikaviweka viinitete vyake chini ya hadubini. Roho iliniuma, maana kila mrija ni ndama mtarajiwa, lakini nilichokiona siku ile ndicho kilichobadilisha kazi yangu.

Viinitete vitatu vilikuwa na ganda lililopasuka. Ufa mwembamba, ulionyooka, kama wa gilasi iliyomiminiwa maji ya moto. Ndani, seli zilikuwa bado zina rangi nzuri. Viwili vingine ganda lilikuwa zima ila seli zimekuwa nyeusi, za chengachenga, zimelegea na kuachana. Kimoja tu kilikuwa kizima. Yaani viinitete vya ng'ombe mmoja, vilivyogandishwa siku moja kwa mashine moja, vimekufa vifo viwili tofauti. Ganda lililopasuka lilinipeleka kwenye namna ninavyoyeyusha. Seli nyeusi zilinipeleka kwenye namna ninavyogandisha, na kwenye mtungi wa naitrojeni wa kuhifadhia.

Ndiyo hoja yangu. Kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri uhai umesimama, na kiinitete kinaweza kukaa humo miaka na miaka kisichakae. Hatari yote iko njiani, kati ya joto la chumba na baridi ile, kwenda na kurudi. Njia hiyo tunaishika sisi.

Kugandisha

Blastosisti (kiinitete chenye tundu la maji katikati) ya siku ya 7 ina seli zipatazo mia moja, na kila seli imejaa maji. Maji hayo yakigandia ndani, fuwele za barafu zinaichana seli. Ukishusha baridi haraka, maji hayapati nafasi ya kutoka, yanagandia humo humo. Ukishusha polepole kupita kiasi, barafu inayoota nje inaacha chumvi inayozidi kukolea, na seli inakaa muda mrefu kwenye chumvi hiyo ikinyauka. Peter Mazur na wenzake walizieleza pande hizi mbili mwaka 1972, na mwaka huo huo yeye, Whittingham na Leibo wakapata panya hai waliotokana na viinitete vilivyogandishwa. Mwaka 1973 Wilmut na Rowson, huko Cambridge, wakapata ndama wa kwanza. (Ni Wilmut yule yule ambaye baadaye aliongoza kazi ya kondoo Dolly.)

Utaratibu wengi tunaoutumia leo mnaujua: ethilini glaikoli (dawa ya kuilinda seli na barafu) ya ukolevu wa 1.5 M, kiinitete kikae humo dakika 5 mpaka 10, mrija wa 0.25 ml, mashine ianze kwenye -6 au -7, barafu ipandwe, halafu baridi ishuke nusu nyuzi kwa dakika mpaka karibu -32, ndipo mrija uzamishwe kwenye naitrojeni ya maji. Kutoka -7 mpaka -32 ni nyuzi 25, kwa hiyo ni dakika 50. Dakika hizo ndizo zinazoipa seli muda wa kutoa maji. Hakuna njia ya mkato.

Kwenye kupanda barafu ndipo watu wanapopita mbio, na ndipo nilipokuwa nikiviua viinitete vyangu.

Maji yenye dawa hayagandi yenyewe yakifika -7. Yanaendelea kupoa yakiwa maji, yanapita -10, pengine yanafika -15, kisha yanaganda yote kwa mpigo mmoja. Barafu inapoota inatoa joto, kwa hiyo mrija unapanda joto ghafla halafu unaporomoka, na seli bado imejaa maji. Ndiyo maana barafu tunaianzisha wenyewe. Chukua kibano au kijiti cha pamba, kichovye kwenye naitrojeni mpaka kiache kuchemka, kisha kiguse kwenye mrija. Doa jeupe linatokea pale pale, kama ukungu juu ya kioo, na linaanza kutambaa taratibu.

Sasa, doa hilo usiliamini. Ndani ya mrija maji yako safu safu, zikitengwa na viputo vya hewa. Nilikuwa nagusa safu ya juu kabisa, juu ya kiputo, kwa kuogopa kukidhuru kiinitete. Nikiona weupe naendelea. Kwenye baadhi ya mirija kiputo kilikuwa kimeizuia barafu, isivuke mpaka kwenye safu ya kiinitete. Juu kumeganda, chini bado ni maji, na mimi nimeshabonyeza mashine iendelee. Siku hizi nagusa ncha ya safu ile ile iliyobeba kiinitete, upande ulio mbali nacho. Nasubiri dakika tano, navuta mrija kidogo tu, natazama kama weupe umejaa safu nzima. Ukiwa umejaa naurudisha na kumalizia dakika 10 kabla ya kushusha baridi. Haujajaa? Nagusa tena.

Mtungi

Chini ya -130 hivi hakuna linalotokea ndani ya seli. Ukipanda juu ya hapo, vipande vidogo vya barafu vinaanza kuungana na kukua hata kama mrija bado ni mgumu kama mfupa, na ukiurudisha kwenye naitrojeni barafu ile haipungui tena. Madhara yanajumlishana: leo sekunde chache, wiki ijayo chache, na mrija ukiutazama kwa nje haukuambii kitu.

Mrija wa 0.25 ml ni mwembamba sana. Ukiuinua hewani unapanda joto kwa kasi ambayo mkono hauihisi. Nimeona mhimilishaji mwenye uzoefu mkubwa akiinua kikapu mpaka kwenye mdomo wa mtungi na kuanza kusoma majina, mrija kwa mrija, huku akiongea na simu. Kila aliposhusha kikapu alikuwa amevipunguzia nguvu viinitete vyote vya humo, si kile kimoja alichokuwa anakitafuta.

Kwa hiyo mimi nina daftari la mtungi: kikapu namba ngapi, kikombe kipi, mrija upi. Najua ninachokwenda kuchukua kabla sijafungua kifuniko. Kikapu hakipandi kupita chini ya shingo ya mtungi. Kibano nakipoza kwanza. Sikuupata kwa sekunde chache, nashusha, nasubiri, naanza upya.

Kuyeyusha

Hewani sekunde 10, bila upepo, bila jua. Halafu maji ya nyuzi 30, sekunde 15. Futa mrija, soma jina tena, pakia, pandikiza.

Hewa inakuja kwanza kwa sababu kwenye baridi ile kila kitu ndani ya mrija ni kigumu na kinavunjika kirahisi. Ukikitia majini moja kwa moja, nje kinatanuka kabla ya ndani, na ganda linapasuka. Ndizo nyufa zangu tatu. Nilikuwa natoa mtungini natia majini papo hapo, nikiamini haraka ndiyo usalama. Maji nayo yana sababu yake: ukikiacha hewani mpaka mwisho, barafu ndogo zilizobaki zinapata muda wa kukua. Zile dakika 50 za kushuka mpaka -32 zinaacha maji kidogo ndani ya seli, na maji hayo yanataka kuyeyushwa upesi. Mtindo wa kwanza kabisa, wa kushusha polepole mpaka baridi ya chini zaidi, ulitaka kuyeyusha polepole. Kila namna ya kugandisha ina namna yake ya kuyeyusha. Usizichanganye.

Naomba tuchangie. Hasa wa maabara, maana najua nimegusa upande mmoja tu.

---

DktMalisho

Mkuu MkonoBaridi, uzi wa maana. Niongeze kilicho kabla ya mashine: uchaguzi.

Mashine haiponyi kiinitete kibovu. Kwenye vigezo vya IETS, chama cha kimataifa cha teknolojia ya viinitete, tuna tarakimu mbili, ya hatua na ya ubora. Hatua ya 4 ni morula (tonge la seli) iliyoshikamana, 5 blastosisti changa, 6 blastosisti, 7 ile iliyotanuka. Ubora wa 1 ndio wa kugandisha. Ubora wa 2 unaweza kushika mimba vizuri tu ukikipandikiza kibichi siku ile ile. Ukikigandisha unakipa mzigo ambao hakina nguvu ya kuubeba. Cha 3 usifikirie.

Nimekuwa nikigombana na wenye mifugo juu ya hili. Umechochea ovari za ng'ombe wake bora, umevuna nane, vinne ni ubora wa 1, viwili wa 2, viwili ni mayai ambayo hayakurutubishwa. Wapokeaji, yaani ng'ombe wa kubeba mimba, wako wawili tu. Yeye anataka vile vizuri vipandikizwe leo na vile vya daraja la 2 vigandishwe "visipotee". Ni kinyume kabisa. Vya daraja la 2 ndivyo vya kupandikiza leo, vile vizuri ndivyo vyenye nguvu ya kusafiri. Akikubali, mirija yake inakuwa michache, na mwakani ananishukuru.

Na mtazame kiinitete kwa kukigeuza. Kikitazamwa upande mmoja kinaweza kuonekana duara safi. Ukikiviringisha kidogo unakuta rundo la seli zilizotoka pembeni, au ganda lina ufa tangu mwanzo.

---

Hadubini

Nimefanya kazi maabara ya viinitete miaka mingi, na nakubaliana na mleta uzi kwa sehemu kubwa. Lakini kichwa cha uzi kinaibebesha mikono yetu hata yasiyo yake. Kuna viinitete ambavyo utavigandisha bila kosa hata moja na bado vitakufa.

Yote aliyoyaeleza ni ya viinitete vilivyovunwa kutoka kwenye mfuko wa uzazi. Tangu mwaka 2016 viinitete vya ng'ombe vinavyotengenezwa maabara duniani vimevipita kwa idadi vile vya kuvunwa, na hivi ni viumbe vya tabia nyingine. Vitazame: ni vyeusi zaidi. Weusi ule ni matone ya mafuta ndani ya seli. Mafuta yanaganda mapema, yanaufanya utando wa seli uwe mgumu, na kiinitete kinaumia kwa ubaridi tu hata kabla barafu haijaonekana. Ng'ombe wa Jersey wanatoa viinitete vya namna hiyo hata kwa kuvunwa, na wanaofanya kazi nao wanajua kwamba vikigandishwa havishiki kama vya Holstein.

Kwa hiyo kwetu kazi ya kuokoa kiinitete inaanza siku saba kabla ya naitrojeni, kwenye sahani ya kulelea. Tulipokuwa tunaweka seramu (majimaji ya damu) ya ndama kwenye maji ya kulelea, blastosisti zilikuja mapema na nyingi, tukafurahi. Zilikuwa zimejaa mafuta. Tulipoondoa seramu tukabaki na albumini, idadi ilipungua kidogo lakini zilizobaki zilikuwa angavu na zilistahimili zaidi. Wengine wanaongeza kanitini ili seli iyachome mafuta yake yenyewe, wengine wanatumia foskolini kuyavunja. Ukiniuliza mimi, ondoa seramu kwanza. Hizo nyingine ni nyongeza juu ya msingi.

Punguzeni pia hewa ya oksijeni. Ndani ya mfuko wa uzazi oksijeni ni kidogo sana kuliko hii tunayovuta. Tunalelea kwenye asilimia 5, na seli haziharibiki kwa wingi kama zikilelewa kwenye asilimia 20.

Pili, vitrifikesheni. Rall na Fahy walionyesha mwaka 1985 kwa viinitete vya panya kwamba unaweza kuyavusha maji mpaka kwenye ugumu wa kioo bila fuwele yoyote kuota. Mwaka 1998 Vajta na wenzake wakaja na mrija uliovutwa mpaka ukawa mwembamba sana, na kwa viinitete vya ng'ombe vya maabara matokeo yakawa mazuri mno. Siri ni tone dogo mno, dawa kali, na kasi. Hakuna dakika 50, hakuna kupanda barafu, mashine ya kugandishia haihitajiki. Kwa kiinitete chenye mafuta mengi hii ndiyo njia: kinapita ile sehemu ya baridi inayoumiza kabla ya kupata muda wa kuumia.

---

MkonoBaridi

Hadubini, nimekupata, na hapo kwenye mafuta umenirekebisha kwa haki. Nilizungumzia vya kuvunwa bila kusema.

Kwenye vitrifikesheni lakini nina neno. Dawa ile ni kali, inaua yenyewe. Kiinitete kikikaa kwenye maji ya mwisho dakika nzima badala ya nusu, umekipoteza bila barafu. Na kukiyeyusha huwezi kwa beseni na saa tu: unahitaji hadubini, sahani zenye sukrosi za viwango vinavyoshuka, na mkono uliotulia, pale pale alipo ng'ombe. Maabarani sawa. Zizini, kwa mtu anayefanya kazi peke yake, mrija wa ethilini glaikoli unaotoka majini na kuingia moja kwa moja kwenye bunduki ya kupandikizia bado ndio utakaoleta ndama wengi zaidi.

---

Hadubini

Hapo hatupingani sana. Vitrifikesheni ni ya mahali penye hadubini. Kuna miundo ya mrija inayoruhusu kiinitete kilichofanywa kioo kiyeyushiwe na kuchanganywa na sukrosi ndani ya mrija wenyewe, ila inataka mafunzo.

Na wasomaji wazingatie hili: ile kanuni ya sekunde 10 hewani ni ya kugandisha polepole TU. Kiinitete cha vitrifikesheni ukikiachia hewani sekunde 10, kioo kile kinageuka barafu ndani ya seli. Chenyewe kinatoka kwenye naitrojeni na kuingia kwenye maji ya uvuguvugu kwa nukta moja. Kanuni inayomwokoa mmoja inamuua mwenzake.

Dokezo moja zaidi kwa wanaogandisha blastosisti zilizotanuka: lile tundu la katikati limejaa maji, na maji hayo yanachelewa kutoka. Ukiyatoa kwanza, kwa sindano nyembamba au kwa leza, blastosisti inanywea kama puto, kisha unaifanya kioo. Inarudi kutanuka saa chache baada ya kuyeyushwa. Tulipoanza kufanya hivi kwenye hatua ya 7 tofauti tuliiona wenyewe kwenye sahani.

---

MamaNdama

Shikamooni wataalamu. Mimi ni mfugaji tu, sina maabara, lakini nina mtungi na mirija, na nina kidonda.

Mwaka juzi nilinunua mirija kutoka sehemu mbili tofauti. Mhimilishaji wangu alizoea ile ya moja kwa moja: anayeyusha, anapakia, anapandikiza. Alifanya hivyo kwa yote. Ile ya sehemu ya kwanza, saba, tulipata mimba nne. Ya sehemu ya pili, sita, hatukupata hata moja. Nilikasirika, nikajua nimeuziwa vibovu. Nikawapigia wauzaji, tukatupiana maneno. Mwishowe aliyepokea simu akaniuliza taratibu: "Mama, mliitoa vipi gliseroli?" Sikumwelewa. Kumbe kwenye karatasi waliyonipa imeandikwa, na hatukuisoma.

Naomba mtu anieleze, kwa nini hii ipandikizwe moja kwa moja na ile isipandikizwe hivyo?

---

DktMalisho

Marahaba Mama Ndama, na pole sana. Hili limewakuta wengi wasiolisema.

Dawa zote mbili, ethilini glaikoli ya mirija ya moja kwa moja na gliseroli ya ile mingine, zinaingia ndani ya seli na kushika nafasi ya maji. Tofauti ni ukubwa. Molekuli ya ethilini glaikoli ni ndogo, uzito wake ni 62. Gliseroli ni 92, na inapita kwenye utando wa seli polepole zaidi. Kiinitete kikiingia mfuko wa uzazi kikiwa na dawa ndani, maji ya mfuko yanaikimbilia ile dawa. Kama ni ethilini glaikoli, inatoka upesi karibu sawa na maji yanavyoingia, kiinitete kinavimba kidogo na kutulia. Kama ni gliseroli, maji yanaingia haraka, gliseroli inasuasua kutoka, seli zinavimba mpaka utando unaachia. Vile viinitete vyako sita huenda vilikuwa vizima kabisa vilipotoka kwenye maji ya nyuzi 30. Vilipasukia ndani ya ng'ombe.

Cha gliseroli kinatolewa kwenye mrija, kinapitishwa kwenye maji yenye sukrosi. Sukrosi haiingii ndani ya seli. Inakaa nje ikiyazuia maji yasiingie kwa pupa huku gliseroli ikitoka. Dakika kadhaa, kisha kwenye maji safi ya kuhifadhia, ndipo kinapakiwa upya.

---

MkonoBaridi

Mama Ndama, asante kwa kulisema hadharani. Nikuongezee: hata cha ethilini glaikoli kisikae ndani ya mrija kikisubiri. Kikishayeyuka dawa ile inaanza kukidhuru. Ng'ombe awe ameshafungwa, ameshachomwa ganzi ya mgongo, mkono umeshahakikisha upande wa korpasi luteamu (uvimbe wa ovari unaotoa homoni ya kutunza mimba), ndipo mrija utoke mtungini. Mimi nikizidisha dakika 10 toka kwenye maji mpaka kwenye pembe ya mfuko wa uzazi, najihesabia nimechelewa.

---

Zizini

Wakuu, naona tumekaa sana kwa kiinitete na kumsahau anayekibeba. Mimi napandikiza, sigandishi. Nimeona mirija ya mvuno mmoja, iliyoyeyushwa na mtu mmoja, ikishika kwa kundi hili na kugoma kwa kundi lile. Tofauti ilikuwa wapokeaji.

Kiinitete kibichi kinasamehe. Mpokeaji akitangulia au kuchelewa siku nzima kulinganisha na mtoaji, bado mara nyingi kinashika. Kilichogandishwa kimetoka vitani, kinahitaji saa kadhaa za kujikusanya kabla ya kuendelea kukua, na kuna siku inayokisubiri: kuanzia siku ya 15 mpaka 17 hivi lazima kiwe kimerefuka na kutoa interferoni tau ya kutosha, kumwambia mama asiivunje korpasi luteamu. Kikichelewa kupiga hodi, mama anarudi kwenye joto. Ndio wale wa siku 14 baada ya kupandikiza mliowataja.

Kwa hiyo kwa vya kugandishwa mimi nachukua mpokeaji aliyeonekana kwenye joto kwa macho, siku 7 kamili zilizopita, zisizidi wala kupungua nusu siku. "Nadhani ilikuwa Jumanne" simkubali. Napapasa au natazama kwa altrasaundi, naitaka korpasi luteamu iliyo imara, na kiinitete kinakwenda pembe ya upande ule ule.

Mkono uwe mwepesi. Ukikwaruza ukuta wa pembe, mfuko unatoa prostaglandini, homoni inayoivunja korpasi luteamu, na hiyo haimpendi mgeni. Ikinichukua muda kupita kwenye shingo ya mfuko nikaona damu kwenye ala ya bunduki, naandika kwenye daftari, na mara nyingi ng'ombe yule harudi na habari njema.

Halafu wapokeaji wasiwe wanakonda. Ng'ombe anayepungua mwili wiki zile usimpe mrija wa thamani, mpe muda.

---

Hadubini

Zizini umesema kweli tupu. Nami natoa ombi kwa wanaogandisha: kila mvuno mkubwa, toa mrija mmoja wa majaribio, uuyeyushe, ukilee kiinitete saa 24 mpaka 72. Kitanuke tena, kisha kianze kutoka kwenye ganda. Kikitanuka unajua lawama zikitokea zianzie wapi. Bila hivyo kila mtu anamnyooshea mwenzake kidole: wa maabara anamlaumu mpandikizaji, mpandikizaji anamlaumu mwenye ng'ombe.

---

MamaNdama

Nimefuata uzi huu wote jana na leo. Swali langu la mwisho. Nina mirija mingine ya zamani, baadhi maandishi yamefutika nusu, namwona mama na baba wa kiinitete, ila dawa iliyotumika siioni. Niifanyeje? Nikisie kwa tarehe?

---

DktMalisho

Usikisie. Andika namba zote zinazosomeka, watafute waliogandisha, daftari lao lazima lina njia iliyotumika. Ukikosa kabisa, ifanye kama gliseroli: itolewe kwenye mrija, ipite kwenye sukrosi. Cha ethilini glaikoli hakidhuriki kwa kupitia huko. Cha gliseroli kitaokoka. Utahitaji mtu mwenye hadubini siku hiyo tu.

---

MkonoBaridi

Na ukiipanga upya, Mama, ipangie ndani ya naitrojeni. Chukua boksi la povu zito, lijaze naitrojeni ya maji, zamisha kikombe chote, panga mirija ikiwa imezama, kwa kibano. Vaa miwani na glavu, fungua madirisha. Maandishi yasome mrija ukiwa bado chini ya maji yale, yanaonekana.

---

MamaNdama

Tumefanya leo asubuhi, mimi na mhimilishaji wangu. Mirija ni 13. Tisa ni ya moja kwa moja. Mitatu ya gliseroli, nimeitia kikombe chake peke yake na kuifunga uzi mwekundu kwenye mpini wa kikapu. Mmoja haukusomeka, nao nimeuweka kwenye kikombe cha uzi mwekundu. Kwenye daftari nimeandika kila mmoja uko wapi. Mpokeaji wa kwanza alionekana kwenye joto jana saa kumi na mbili asubuhi, nimemtia alama sikioni.